Matibabu na huduma za jamii Bujumbura: jinsi zilivyobadilika, na mlango ulio wako leo

Ikiwa umevuka mpaka wa Gatumba ukitokea Uvira, Baraka au Bukavu, au umerejea Burundi baada ya miaka mingi Nyarugusu au Nduta, huenda umeshasikia majibu yasiyolingana kuhusu hospitali za Bujumbura. Mmoja anakwambia watoto wanatibiwa bure. Mwingine anasema bila fedha mkononi hutahudumiwa. Wa tatu anakumbuka kadi ya faranga 500 iliyotosha familia nzima. Kila mmoja anaeleza jambo lililo kweli, au lililokuwa kweli wakati fulani.

Kanuni za matibabu Burundi zimebadilika mara nyingi, na kila badiliko liliacha kundi la watu wenye haki fulani na kundi lingine lisilo nayo. Makala hii inaeleza mabadiliko hayo kwa mpangilio, ili ujue uko katika kundi gani na ubebe karatasi gani unapokwenda kutibiwa.

Kwa ufupi

- Tangu Mei 2006, watoto walio chini ya miaka 5 na wanawake wanaojifungua wanatibiwa bila malipo katika vituo vya serikali na vituo vyenye mkataba na serikali.
- Familia zisizo na ajira rasmi zinaweza kununua kadi iitwayo CAM. Kadi hiyo hupunguza gharama lakini haiondoi malipo yote.
- Wafanyakazi wa serikali wana bima yao, iitwayo Mutuelle.
- Mkimbizi hutambuliwa kwa hati zinazotolewa na ONPRA, ofisi ya serikali ya kuwalinda wakimbizi.
- Anza kwenye kituo cha afya kilicho karibu nawe. Ukienda moja kwa moja hospitali kubwa bila barua ya rufaa, unaweza kulipa zaidi.

Enzi ya ukoloni hadi uhuru

Mwanzoni mwa karne ya 20, mji huu uliitwa Usumbura, nao ulikuwa kituo cha jeshi la Wajerumani. Kilichowasumbua sana madaktari wa wakati huo kilikuwa malale, ugonjwa ulioenea kandokando ya Ziwa Tanganyika na katika bonde la Rusizi. Tiba ya kisasa ilianza kama vita dhidi ya magonjwa ya mlipuko: watu walikaguliwa, walitengwa, na wengine walihamishwa kutoka tambarare ya Imbo. Mtu wa kawaida hakuulizwa maoni yake.

Wabelgiji walifuata wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mji ulikua, na mitaa ya Waafrika kama Buyenzi na Bwiza ikajengwa. Hospitali iitwayo Prince Régent Charles ni ya enzi hiyo. Ina jina la Charles, aliyeitawala Ubelgiji kwa niaba ya mfalme kuanzia 1944 hadi 1950. Mpaka leo watu wa Buyenzi na Bwiza wanaitumia. Nje ya mji, huduma nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni, na ndiyo sababu hadi sasa vituo vingi vya afya nchini ni vya Kanisa.

Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962. Mwaka huohuo iliundwa INSS, taasisi ya hifadhi ya jamii kwa wafanyakazi walioajiriwa. Ni muhimu kuelewa kazi yake: INSS inahusu pensheni na ajali za kazini. Si bima ya matibabu. Anayekatwa fedha za INSS kwenye mshahara wake asidhani zitamlipia hospitali.

Mwaka 1972 nchi ilipata pigo kubwa. Katika mauaji ambayo Warundi huyaita ikiza, waliouawa walikuwa pamoja na walimu, wanafunzi, makarani na wauguzi. Wengine walikimbilia Tanzania na kuishi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Nchi ilipoteza kwa mara moja watu ambao ilikuwa imewasomesha kwa miaka mingi.

Miaka ya 1980: Mutuelle na kadi ya faranga 500

Katika miaka ya 1980 serikali ilianza kuwaweka wananchi katika mafungu. Mwaka 1980 iliundwa Mutuelle de la Fonction Publique, bima ya watumishi wa umma. Mwanachama hukatwa sehemu ya mshahara, na bima hulipa asilimia 80 ya gharama ya matibabu. Asilimia 20 hubaki kwake. Mke au mume na watoto huhesabiwa pia.

Mwaka 1984 ikaja kadi kwa ajili ya wengine wote, hasa wakulima na wachuuzi. Hiyo ndiyo CAM. Familia ilinunua kadi kwa faranga 500 kwa mwaka na kuitumia katika vituo vya serikali. Wazee wengi wanaikumbuka kwa upendo. Tatizo lilikuwa kwamba fedha zilizokusanywa hazikutosha kununua dawa. Kadi ilibaki na thamani pale tu kituo kilipokuwa na kitu cha kutoa.

Wakati huohuo mji ulipata taasisi mpya. Kaskazini, huko Kamenge, ilijengwa hospitali ya chuo kikuu kwa msaada wa Saudi Arabia. Jina lake ni Hôpital Roi Khaled, lakini wengi huiita CHUK. Huko Kamenge pia, watawa wa kiume wa shirika la Frères de la Charité walianzisha kituo cha magonjwa ya akili, CNPK. Mpaka leo hicho ndicho kituo kinachojulikana zaidi nchini kwa wagonjwa wa akili, na kazi yake iliongezeka sana kwa sababu ya yaliyofuata.

Vita na gharama kwa mgonjwa: 1993 hadi 2005

Rais Melchior Ndadaye aliuawa Oktoba 1993, na vita vikaanza. Vituo vya afya viliporwa au kufungwa, wauguzi walikimbia, na mitaa ya Bujumbura iligawanyika kwa makabila. Mgonjwa wa Kamenge hakuthubutu kuvuka mtaa mwingine kwenda hospitali. Kuanzia 1996 nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo vya biashara, na bei ya kila kitu ikapanda.

Katika miaka hiyo ya giza, huduma mbili zilizoanzia Bujumbura zilibadilisha maisha ya wengi.

Ya kwanza ni ANSS, chama cha kusaidia watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Kilianzishwa mwaka 1993 na Jeanne Gapiya-Niyonzima, ambaye alitangaza hadharani kwamba anaishi na virusi wakati ambapo kusema hivyo kulikuwa kujitenga na jamii. Kituo chao kinaitwa Turiho, neno la Kirundi lenye maana ya "tuko hai".

Ya pili ni Seruka, kituo cha watu waliobakwa, kilichoanzishwa na Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) mwaka 2003. Baadaye kiliachwa mikononi mwa chama cha Warundi wenyewe. "Seruka" maana yake ni "jitokeze".

Lakini kwa mgonjwa wa kawaida hali ilizidi kuwa ngumu. Mwaka 2002, vita vikiendelea, serikali ilipitisha mfumo wa kurejesha gharama: mgonjwa alipe bei kamili ya kumuona muuguzi, ya vipimo na ya dawa. Mwaka 2004 MSF ilitoa matokeo ya uchunguzi wake: asilimia 17.4 ya watu, yaani karibu milioni moja, hawakuweza kupata hata huduma ya kwanza, kwa kuwa hawakuwa na fedha. Wengine waliuza mbuzi, shamba au mavuno ambayo hayajakomaa.

Waliotibiwa wakashindwa kulipa walizuiwa hospitalini. Mwaka 2006 Human Rights Watch na chama cha Kirundi cha APRODH walitoa ripoti kuhusu jambo hilo. Ilieleza kina mama waliojifungua kwa kupasuliwa na kubaki wodini kwa wiki au miezi wakilindwa, huku deni likiongezeka. Ukisikia wazee wakisema kwamba hospitali ilikuwa gereza, wanamaanisha hilo.

Mei 2006: mlango unafunguliwa

Tarehe 1 Mei 2006, siku ya wafanyakazi, Rais Pierre Nkurunziza alitangaza kwamba watoto walio chini ya miaka 5 watatibiwa bure na wanawake watajifungua bure, pamoja na wale wanaohitaji kupasuliwa. Baadaye mpango huo uliongezwa hadi kwenye maradhi yanayotokana na ujauzito.

Tangazo lilikuja ghafla. Vituo vilijaa ndani ya siku chache, dawa zikaisha, kina mama wawili wakalala kitanda kimoja, na wauguzi walibeba kazi maradufu kwa mshahara uleule. Serikali ilichelewa kuvirudishia vituo gharama zao.

Ili kurekebisha hali hiyo, palianzishwa njia nyingine ya kulipa. Kituo kinahesabu huduma kilizotoa, kama chanjo, kujifungua na kupima wajawazito. Wakaguzi wanahakiki, kisha kituo kinalipwa kulingana na kazi na ubora wake. Majaribio yalianza 2006, na kuanzia Aprili 2010 njia hiyo ilitumika nchi nzima pamoja na mpango wa bure. Kwa sababu hiyo muuguzi anaandika jina lako, mtaa wako na umri wa mtoto kwa makini: bila maandishi hayo kituo hakilipwi.

Matokeo yalionekana. Kwa mujibu wa tafiti za kitaifa, mwaka 2010 watoto 60 kati ya 100 walizaliwa katika kituo cha afya. Mwaka 2016-2017 walifika 84. Vifo vya watoto walio chini ya miaka 5 vilishuka kutoka 96 hadi 78 kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai. Vifo vya uzazi vilishuka kutoka 500 hadi 334 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Bado ni vingi, lakini nyuma ya kila tarakimu kuna mama aliyerudi nyumbani.

Mtoto akitimiza miaka 5, mlango huo unafungwa. Baba, bibi na mtoto wa miaka 6 wanalipa. Kwa ajili yao CAM ilifufuliwa mwaka 2012 kwa bei ya faranga 3,000 kwa mwaka kwa kaya. Kwa kanuni hiyo, kadi inalipia asilimia 80 na mgonjwa analipa asilimia 20.

Kuanzia 2015 hadi sasa

Mgogoro wa Aprili 2015 ulirudisha hofu mitaani. Zaidi ya watu 400,000 waliikimbia nchi katika miaka iliyofuata. MSF ilifungua kituo cha majeruhi huko Kigobe kilichotibu bila malipo. Mwaka 2016 Umoja wa Ulaya ulisimamisha misaada ya moja kwa moja kwa serikali, na bajeti ya afya ikabanwa. Mwishoni mwa 2018 mashirika ya kigeni yalisimamishwa kwa muda, na mwaka 2019 Handicap International iliondoka. Walioumia zaidi ni watu wenye ulemavu, waliotegemea shirika hilo kwa mazoezi ya viungo na vifaa.

Magonjwa nayo hayakungoja. Serikali ilitangaza janga la malaria Machi 2017. Uviko ulifika Machi 2020. Kipindupindu kilitangazwa Januari 2023, hasa katika mitaa ya Bujumbura yenye shida ya maji. Mpox ilithibitishwa Julai 2024.

Tangu Septemba 2017 Warundi wamekuwa wakirejea kutoka Tanzania kwa misafara, na zaidi ya 200,000 wamekwisha kurudi kutoka nchi mbalimbali. Upande mwingine, Februari 2025, vita vilipofika Bukavu, makumi ya maelfu ya Wakongo walivuka Rusizi. Wengi walipitia uwanja wa Rugombo kabla ya kupelekwa Musenyi. Wengine waliingia mjini, Buyenzi, Bwiza, Kinama na kwingineko, ambako Kiswahili kinasikika kila kona.

Walikuta mji wenye shida zake. Petroli haba inazuia magari ya wagonjwa, fedha za kigeni haba zinaacha maduka ya dawa bila dawa, na madaktari wengi wanatafuta kazi nje ya nchi. Kwa hiyo hata mwenye haki ya kutibiwa bure anaweza kuandikiwa dawa na kuambiwa akanunue nje.

Huduma za jamii, mbali na hospitali

Zamani, msaada kwa yatima, mjane au mzee ulitoka kwa ukoo, kwa parokia au kwa msikiti. Hata leo wengi hutegemea kikundi cha akiba, kile ambacho Wakongo huita likelemba na Warundi ikirimba. Msaada wa serikali ulikuja taratibu. Wizara inayohusika na mshikamano ina vituo vya maendeleo ya familia na jamii, vinavyoitwa CDFC, ambako mtu anaweza kupeleka tatizo la ukatili nyumbani, mtoto aliyeachwa au familia isiyo na kitu. Mpango wa Merankabandi, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, ulianza kuzipa familia maskini zenye watoto fedha taslimu katika baadhi ya mikoa. Mwaka 2020 nchi ilipata sheria mpya ya hifadhi ya jamii, ingawa wasio na ajira rasmi, yaani watu wengi, bado hawafikiwi vya kutosha.

Mlango upi ni wako?

*Una mtoto wa chini ya miaka 5, au una mimba.* Nenda kituo cha afya cha serikali au cha misheni kilicho karibu. Beba kadi ya chanjo au ya kliniki na hati inayoonyesha umri wa mtoto. Uliza mwanzoni kama kituo kiko katika mpango wa bure. Kliniki za kibiashara hazimo.

*Wewe ni Mrundi uliyerejea.* Tunza fomu yako ya kurejea kwa hiari na vyeti vya watoto waliozaliwa kambini. Kwanza shughulikia kitambulisho chako na uandikishaji wa watoto kwenye komine, maana bila hivyo kununua CAM ni vigumu. Kambini matibabu yalikuwa bure kwa wote. Hapa utalipa sehemu fulani, kwa hiyo nunua kadi kabla ya mtu kuugua.

*Wewe ni mkimbizi au muomba hifadhi mjini.* Jiandikishe ONPRA mapema na usiache hati yako imalize muda. Mkimbizi wa mjini anatarajiwa kujitegemea zaidi kuliko wa kambini, na msaada wa matibabu hutolewa kwanza kwa walio katika hali ngumu zaidi. Waulize ONPRA au UNHCR ni kituo gani kinapokea wakimbizi wa mtaa wako na ni nani anayeandika rufaa. Uulize kabla hujaugua.

*Unatumia dawa za Ukimwi au kifua kikuu.* Dawa zenyewe hutolewa bila malipo. Usikatishe kwa sababu umehama. Nenda na kijitabu chako, au hata pakiti tupu ya dawa ulizokuwa ukinywa, ili muuguzi aone.

*Umebakwa, au mtu wa nyumbani amebakwa.* Nenda Seruka au kituo chochote cha afya haraka, kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi haifai baada ya muda huo. Saa hizo zikipita, nenda hata hivyo: bado kuna matibabu na ushauri.

*Una msongo, huna usingizi, au ndugu yako amebadilika akili.* Kituo cha afya kinaweza kukuandikia rufaa kwenda CNPK Kamenge. Ni ugonjwa kama mwingine.

Bili ikikushinda

Usitoroke usiku. Omba karatasi inayoonyesha kila kitu unachodaiwa, kimoja kimoja. Kisha omba kuonana na mfanyakazi wa huduma za jamii wa hospitali. Mrundi asiye na uwezo anaweza kuomba kwenye komine hati ya kuthibitisha hali hiyo, ambayo wengi huiita indijansi. Mkimbizi awajulishe ONPRA au UNHCR siku ileile ya kulazwa, maana msaada unaoombwa baada ya deni kukua ni mgumu kupatikana. Usimpe mtu asiyehusika fedha ili "akusaidie", na kila ulipolipa dai risiti.

Maneno ya Kirundi yatakayokusaidia

- *ivuriro*: kituo cha afya
- *ibitaro*: hospitali
- *umuganga*: daktari au muuguzi
- *imiti*: dawa

Bei ya kadi na masharti yake vinaweza kubadilika kwa amri ya serikali, kama vilivyokwisha kubadilika mara nyingi. Kabla ya kulipa, uliza kwenye komine au kituo cha afya cha mtaa wako. Na hati zako zote, za Kongo, za Tanzania au za Burundi, ziweke pamoja katika mfuko mmoja wa plastiki, mahali ambapo kila mtu mzima nyumbani anapajua.